Kiongozi wa Pili

Kaka yangu Abrahman Kificho alikuwa na miaka thelathini na mbili, ameshaoa na kuacha, alipokwenda Chake Chake kufundishwa kucheza na watoto. Hivyo ndivyo watu wa kijijini kwetu, upande wa Wingwi, walivyoisema ile safari, na walimwambia usoni. Yeye alicheka tu. Alikuwa seremala, mtu wa milango na vitanda, na maneno ya watu hayakumzuia kazi.

Mambo yalianza hivi. Mwalimu wa skuli aliyekuwa akiwaongoza skauti alihamishwa mwishoni mwa mwaka 1957, wakabaki watoto ishirini na mbili wanazurura na skafu zao shingoni bila mtu wa kuwashika. Karakana ya kaka ilikuwa jirani na skuli. Watoto wakaanza kumwendea jioni, huyu anataka kipande cha ubao, yule anataka kuonyeshwa fundo la kamba, mpaka siku moja mwalimu mkuu akamwambia kwamba wakubwa wa skauti wanatafuta watu wazima wa kujitolea. Watafundishwa siku kumi na hawatalipwa chochote. Akakubali palepale. Mimi Siti, mdogo wake, nilimuuliza atakula nini siku hizo kumi ikiwa hafanyi kazi, akanijibu kwamba huko wanapika.

Tabu ilikuwa kaptura. Kiongozi wa skauti lazima avae kaptura, na kaka alisema mtu mzima hawezi kusimama kwenye sala mapaja nje. Akampelekea fundi kitambaa, akashonewa kaptura iliyovuka magoti, pana, akitembea inapiga kelele. Nilimcheka mpaka mama akanikaripia. Huko Chake Chake alikuta wenzake karibu wote wameshona vilevile, na mkufunzi, bwana mmoja aliyetoka Unguja, hakusema neno.

Hemani walilala wawili wawili. Kaka alipangwa na Jaribu Nyange, mkulima wa mpunga wa ng'ambo ya bonde letu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Babu yake Jaribu alitoka bara, sisi ni Wapemba wa tangu na tangu, lakini wakati ule hilo halikuwa neno la kumtoa mtu kwenye sinia. Watu wazima wale, wengine wana wajukuu, walipewa majina ya ndege, wakapanga mstari, wakaimba, wakafunga vifundo, wakapikiana wali ulioungua. Kaka alisema siku tatu za mwanzo aliona haya, siku ya nne haya zikamtoka, na siku ya kumi alitaka kulia.

Alirudi na cheti na sheria nyingi. Moja aliirudia mpaka tukaichoka: watoto hawaingii majini bila viongozi wawili waliofunzwa. Mmoja huwa ndani ya maji pamoja nao. Wa pili hukaa nchi kavu na kamba, ncha moja ya kamba ameifunga kiunoni mwake. Asipokuwapo wa pili, hakuna kuogelea. Na walifundishwa kumrudisha aliyezama. Unamlaza kifudifudi, unamkandamiza mgongo kwa viganja, unamnyanyua viwiko, unamkandamiza tena, kwa hesabu, bila kuacha. Mmoja akichoka wa pili anashika, na huachi mpaka afike daktari akwambie acha. Kaka na Jaribu walifanyiana mazoezi hayo uani kwetu, mmoja amelala kwenye jamvi na mwenziwe anahesabu, mama anawatazama na kucheka.

Miaka miwili ile kikundi kilikuwa kimoja. Jaribu alivuka bonde kila Jumamosi na watoto wa kwao. Mama alipopooza upande mmoja, mwaka 1959, wale wawili ndio waliombeba kumtoa nje apate jua, wamefungamanisha mikono yao minne ikawa kiti, namna walivyofundishwa. Mama akimwita Jaribu mwanangu.

Kisha siasa ikatuingia. Sitavitaja vyama. Wenye umri wangu wanavijua, na vijana wa leo sitaki kuwapa cha kugombania. Inatosha kusema kwamba sisi tulikuwa huku na Jaribu na watu wake walikuwa kule, na mimi nilikuwa mkali kuliko wengi. Niliimba nyimbo za kuwatukana majirani niliokuwa nikiazima kwao kinu. Naona aibu kuandika haya, lakini nikiacha kuyaandika nitakuwa nimesema uongo kwa mara ya pili.

Tulisusiana. Huku hatukununua samaki wa mtu wa kule, kule hawakuteka maji kisima chetu. Harusi tulisusiana, hitima tulisusiana, na kikubwa kuliko vyote tulisusiana maziko. Mtu wa chama kingine akifa, hamwendi. Na mtu wa chama chenu akionekana anasemezana na watu wa kule, yeye naye anahesabiwa wa kule, na siku yake ikifika hakuna wa kumwoshea wala kumchimbia. Pale kijijini alikufa mzee mmoja aliyemuuzia mbuzi mtu asiyestahili. Alizikwa na wanawe wawili na mkwe, alasiri, jeneza wameliburuza sehemu nyingine za njia kwa sababu hawakuwa wanne. Wanaume wa kijiji walikaa barazani wakitazama. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuonywa.

Wazee wa kule wakawatoa watoto wao kwenye kikundi, na Jaribu naye akaambiwa na watu wake abaki kwao. Kaka akabakiwa na watoto kumi na mmoja. Mama alikuwa ndani, ulimi mzito, na sisi tulimficha habari hizo. Alipouliza Jaribu yuko wapi tulimwambia amesafiri.

Uchaguzi wa Juni 1961 ulipokwisha, mwenyekiti wa tawi letu, Mzee Mbarouk, alimwita kaka. Aliambiwa kwamba kuna mgeni wa skauti atakuja kutoka Unguja mwezi wa Agosti, na yeye Mbarouk alitaka watoto wetu wakutwe wana beji za kuogelea, ionekane kwamba kikundi hakikufa. Mwanawe Hamad, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alikuwa mmojawao. Kaka akaeleza ile sheria ya viongozi wawili. Mbarouk akamwambia achukue mtu yeyote mzima wa tawi, watu wamejaa.

Kaka akaja nyumbani, akakaa kizingitini. Mimi nilikuwa nampepetea mama mchele wa uji.

"Miye n'nakwenda kwa Jaribu," akaniambia. "Saa moja tu. Anishikie kamba, kisha kila mtu ashike njia yake."

Nilitoka na ungo mkononi nikasimama mbele yake, nikapunguza sauti mama asisikie.

"Na mama atazikwa na nani? Weye kunamwona alivyo. Kunataka tumburuze?"

Akainuka, akaenda kumtafuta Khatib, mtu wa tawi letu, amshikie kamba. Mimi ndiye niliyesema, na sikusema mara moja. Nilisema tena usiku tulipokula. Kaka hakuwa mwoga wa nafsi yake. Alimwogopea mama, na mimi nilijua pa kumshika.

Khatib alikuwa mpanda mikarafuu, ana kifua na mikono, mtu mwema, na juu ya kamba ya maji hakujua lolote. Kaka alimwonyesha jioni mara tatu. Asubuhi ya Jumamosi wakateremka horini, pale mkono wa bahari unapoingia bondeni, maji yanajaa, watoto wamevua mashati wameyapanga juu ya mizizi ya mikandaa ya ukingoni. Kaka akaingia nao majini mpaka kifuani. Khatib akakaa ukingoni na ile kamba iliyokunjwa.

Haya yaliyofuata nimeyapata kwa kaka na kwa Khatib, na mwisho wake niliuona mwenyewe. Maji ya bamvua, yanapojaa kupita siku zote, yana nguvu pale horini panapobana. Watoto wawili walishtuka, wakamrukia kaka shingoni wote kwa pamoja, na wakati anapambana nao Hamad akasukumwa na mkondo akatoka kwenye mstari. Kaka akapiga kelele, "Kamba!" Khatib akasimama, akaitupa kamba kwa nguvu zake zote, na akaitupa yote. Ncha ya kiunoni hakuifunga. Kamba ikaelea ikaenda zake, na Khatib, ambaye hakujua kuogelea, akabaki ukingoni na mikono mitupu.

Jaribu alikuwa ng'ambo ya hori akikata fito. Aliijua siku ya kuogelea, na kama alikwenda kukata fito pale na saa ile kwa makusudi, hakumwambia mtu. Alijitosa na nguo zake. Alimtafuta Hamad mara mbili chini ya maji na mara ya tatu akaibuka naye, akamtoa upande wetu, akamlaza kifudifudi kwenye mchanga na kuanza kumkandamiza mgongo. Kaka akatoka na wale watoto wawili, akawamwaga, akapiga magoti mbele ya Jaribu. Hawakuwa wamesemezana mwaka mzima. Jaribu alihesabu kwa sauti, na alipochoka alisema, "Shika," na kaka akashika. Kisha Jaribu tena. Kaka aliniambia kwamba katika zamu ya pili ya Jaribu maji yalimtoka mtoto puani, na yeye akasikia pumzi. Mara moja. Aliniambia hivyo miaka mingi, na kila mara aliapa.

Watoto walikuwa wameshakimbilia kijijini. Tulikuja mbio wanaume kwa wanawake, na mimi nilikuwa miongoni mwa wa mbele. Tulichokiona ni mtu wa kule amempandia mtoto wetu mgongoni anamkandamiza. Nakiri kwamba nami nilipiga kelele.

Mzee Mbarouk hakupiga kelele. Alisema, "Mtoeni huyo juu ya mwanangu."

Wakamshika Jaribu mabega. Alikuwa bado anakandamiza, bado anahesabu, na alinyanyua uso akamtazama kaka.

"Abrahman, waambie," akasema.

Kaka alikuwa amepiga magoti pale pale, karibu hata angeweza kumgusa. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akageuza macho akaniona mimi, katika kundi la wale wanawake, na akaufunga. Wakamburuta Jaribu wakampeleka kando na kumpiga.

Kaka akamwinamia mtoto, akamkandamiza mara mbili tatu. Watu wakaanza kusema aache, mtoto ameshakufa, kumvunja maiti ni haramu, amwache mwana wa watu. Pale kijijini hakuna aliyejua ile kazi wala maana yake isipokuwa watu wawili, mmoja yuko chini anapigwa. Kaka akaacha.

Hamad alizikwa alasiri ile ile, baada ya daktari kuja kutoka Wete na kumwangalia. Walikuja watu wa vijiji vyote vya chama chetu. Mzee Mbarouk alimshika kaka mkono mbele ya kaburi, akamwambia hana lawama naye, hii ni amri ya Mungu.

Maneno yakaenea kwamba Jaribu ndiye aliyemuua mtoto, kwamba alimtoa majini mzima kisha akamkalia mpaka akamvunja. Polisi wakamchukua. Siku ya tatu Mudir, mtawala wa serikali wa sehemu yetu, akaja kusikiliza maelezo, akakaa skuli, watu wamejaa madirishani. Nilikuwa dirishani. Khatib aliulizwa, akasema ukweli wake wa kamba, analia. Kisha akaitwa kaka. Mudir alimuuliza taratibu tu: wewe na huyu mlifundishwa pamoja Chake Chake, je, alichokuwa akimfanyia mtoto mgongoni ndicho mlichofundishwa?

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Jaribu alikuwa amekaa kwenye benchi la watoto, magoti yamempanda kifuani, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Mbarouk alikuwa kiti cha mbele. Kaka alisimama kama mwanafunzi asiyelijua somo lake.

"Sikuona vizuri alichokuwa akifanya," akasema.

Mudir akamuuliza tena, kwani si alikuwa mbele ya Jaribu pale mchangani? Kaka akasema maji ya chumvi yalikuwa machoni. Jaribu aliinamisha kichwa, na sikumwona akikinyanyua tena mpaka walipomtoa.

Na uongo ule haukuwa hata na kazi. Wiki ya pili maelezo ya daktari yakaja: mtoto alikufa maji, hakuwa na mfupa uliovunjika. Jaribu akaachiwa. Lakini katika wiki mbili zile mpunga wake ulichomwa ghalani, na mkewe Mize akawachukua watoto akaenda kwa ndugu zake Kojani. Jaribu alikuja akaitazama nyumba, akafunga mlango kwa mnyororo, akawafuata. Hakupita kwetu.

Siku ile ile ya skuli, tukitoka, Mzee Mbarouk alimwambia kaka mbele za watu: "Umesimama nasi. Nasi tutasimama nawe, mama yako atazikwa kwa heshima." Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona tumefika tulikokuwa tukienda.

Kikundi kilikufa. Mgeni kutoka Unguja hakuja. Badala yake ikaja barua ya wakubwa wa skauti, imeandikwa kwa heshima kubwa, kwamba mwakani kutakuwa na mafunzo mengine ya viongozi wapya, na wangependa Bwana Abrahman na mwenzake Bwana Jaribu wakasaidie kufundisha, hasa somo la majini. Kaka aliisoma akiwa amesimama karakanani, akaniuliza kama mama ameshakula, na sikuiona tena ile barua.

Mama aliyajua kwa Khatib. Khatib alikuwa akizunguka nyumba za watu kuomba radhi, akaingia kwetu mimi niko kisimani, akakaa chini kando ya kitanda cha mama akamweleza yote: kamba, Jaribu, skuli, Mudir. Niliporudi nilimkuta mama macho yako juu darini. Alinituma nimwite kaka.

Kaka akaja na vumbi lake la mbao. Ulimi wa mama ulikuwa mzito, kila neno alilitoa kwa kazi.

"Ulisema uongo kwa ajili ya jeneza langu," akasema.

Kaka akapiga magoti. Nikajiingiza, nikasema ni mimi, mimi ndiye niliyemwambia, tuliogopa ataburuzwa njiani kama yule mzee.

"Mbona hamkuniuliza?" akasema mama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza, na alingoja jibu. Miaka miwili tulimgeuza, tulimlisha, tulimfulia, tukapanga maziko yake juu ya kichwa chake, na kwa kweli hata siku moja haikutujia kumuuliza. Kisha akatoa wasia. Akifa asitangazwe. Azikwe na watu wachache, yeyote atakayekuwapo, na wasipotimia wanne aburuzwe. Yeye hataumia. Alisema hivyo, kisha akageuza uso ukutani kwa ule upande wake mzima.

Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Mimi alinisemesha. Kaka akiingia alifumba macho, na kaka aliendelea kuingia, asubuhi na jioni, anakaa kwenye kigoda dakika chache, anatoka. Siku ya mwisho, asubuhi ya Jumatano, alikaa zaidi kidogo. Mama hakufumbua.

Tulitaka kuushika wasia. Kaka aliniambia nisilie kwa sauti, akaenda kumwita mwalimu wa chuo cha Kurani na jirani mmoja tu, na mimi nikawaita wanawake wawili wa kumwosha. Kumbe watu walikuwa wakitungoja. Mzee Mbarouk alikuwa mlangoni kabla maji ya kumwoshea hayajachemka, amevaa kanzu nyeupe, na kaka alipomweleza kwamba marehemu aliomba maziko madogo, alimwambia hayo ni maneno ya mgonjwa, chama hakisahau mtu wake. Kaka alisema tena. Mbarouk akampiga begani, akamwambia akae, ashughulikiwe, huu si wakati wake wa kuhangaika.

Wakaja. Adhuhuri uwanja wetu haukuonekana mchanga. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, walikuja watu wasiojua hata jina la mama, na watu wa tawi wakawapanga njia nzima mpaka makaburini ionekane ng'ambo ya bonde. Sisi wanawake tulibaki uani. Nilisimama juu ya kinu ili nione.

Jeneza lilitoka mlangoni likapokewa, na kila mtu alitaka thawabu ya kulibeba hatua tatu, likawa linapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, kwa haraka. Kaka alitoka nyuma yake. Nilimwona akinyoosha mkono, akasukumwa na bega la mtu. Akazunguka kushoto, akanyoosha tena. Watu hawakumjua, waliomjua hawakumwona. Alikuwa anasema kitu, pengine alikuwa anawaomba, lakini shahada ilikuwa imepanda na hakuna aliyemsikia. Jeneza likafika kwenye kona ya karakana, likakata njia, na yeye alikuwa bado nyuma kabisa, na mkono wake uko juu.